Mbwa wa Watawa na Suala la Kuaminiana

Vitabu vya kufunza mbwa ni vingi, na vilivyo vingi havina zaidi ya orodha ya amri: kaa, lala, njoo, ngoja. Kitabu kiitwacho How to Be Your Dog's Best Friend, kilichotolewa nchini Marekani mwaka 1978 na watawa wa New Skete, si cha namna hiyo. Jina lake linamwahidi msomaji kwamba atafundishwa kuwa rafiki wa dhati wa mbwa wake. Halimwahidi kuwa bwana wake. Hiyo ni ahadi kubwa, na nadhani haki ya kitabu hiki ni kupimwa kwa ahadi hiyo hiyo, wala si kwa kingine.

Kwanza tuwajue waandishi wenyewe. New Skete ni monasteri iliyoanzishwa mwaka 1966, na makao yake yako vilimani karibu na mji mdogo wa Cambridge, katika jimbo la New York. Watawa hao walianza kufuga mbwa wa aina ya German Shepherd, wale ambao wengi wetu huwaita mbwa wa polisi, na kila mbwa akawa na mtawa wake wa kumtunza. Sasa fikiria, msomaji, nyumba ya sala na ukimya yenye mbwa wakubwa kadhaa ndani yake! Ilikuwa lazima mbwa hao wajue kutulia chini wakati watu wanakula, na wajue kupishana bila kupigana. Basi elimu ya watawa hawa haikutoka maabara. Ilitokana na haja ya kuishi pamoja. Baadaye watu wa nje wakaomba mbwa wao nao wafunzwe, na hapo ndipo yalipoanza mafunzo ya bweni: mbwa huletwa monasterini, hukaa wiki kadhaa, kisha hurudishwa kwa mwenyewe.

Ubora wa kitabu umo katika jambo moja ambalo linarudiwa toka mwanzo hadi mwisho, nalo ni kusikiliza. Watawa wanasema kwamba mbwa huzungumza mchana kutwa, ila hazungumzi kwa kinywa. Husema kwa masikio, kwa mkia, kwa namna anavyouweka mwili wake. Atakaye kumfunza hana budi ajifunze lugha hiyo kwanza. Nani kati yetu hakuambiwa tangu utotoni kwamba mbwa akitikisa mkia amefurahi? Kumbe mkia ulioinuliwa juu na kukakamaa, ukitikisika kwa haraka, waweza kuwa onyo. Mbwa anayegeuza uso pembeni na kuramba pua huenda ana wasiwasi, nasi twamwita mkaidi. Mtu asiyeyajua haya humwadhibu mbwa kwa kuwa amesema, kisha hushangaa siku anapoumwa bila kuonywa. Alikwisha onywa mara nyingi, ila hakusikia.

Jambo la pili lililo jema ni kwamba mafunzo yao hayana saa maalumu. Mbwa hufungwa kamba ambayo mwisho wake umefungwa kiunoni mwa mtu, akaandamana naye katika shughuli za siku: kufagia, kupika, kutembea, kukaa. Hapana amri nyingi. Mbwa huzoea mwendo wa mtu, na mtu huzoea mwendo wa mbwa. Sijaona katika vitabu vya namna hii maelezo mazuri kuliko haya ya jinsi kuaminiana kunavyojengwa kidogo kidogo, kwa mambo madogo yasiyo na sifa.

Lakini kitabu hicho hicho, kilipofika kwenye sura ya adhabu, kilisahau kilichosema. Toleo la mwaka 1978 lilifundisha kwamba mbwa aliyefanya kosa kubwa akamatwe shingoni, apinduliwe chali, akodolewe macho na kukaripiwa mpaka asalimu amri. Hoja yao ilikuwa kwamba ndivyo afanyavyo kiongozi wa kundi la wolf, yaani mbwamwitu wa nchi za baridi, ambaye si yule mwenye mabaka wa mbuga zetu. Ni vigumu kuamini kwamba mkono ulioandika juu ya kusikiliza ndio ulioandika na haya. Rafiki gani humpindua rafiki yake chali?

Ili tuwatendee haki, hapana budi tuseme kwamba kosa hilo hawakulizua wao. Mwaka 1947 mtaalamu Rudolf Schenkel alichapisha utafiti juu ya mbwamwitu waliofungiwa katika bustani ya wanyama ya Basel, Uswisi. Wanyama hao waliishi kwa kubanana, wakagombania ukubwa, na watu wakadhani kwamba hiyo ndiyo desturi yao hata porini. Mmarekani L. David Mech aliieneza fikra hiyo katika kitabu chake cha mwaka 1970. Lakini Mech huyo huyo, baada ya kukaa misimu mingi karibu na mbwamwitu huru katika kisiwa cha Ellesmere, kaskazini mwa Kanada, aliandika mwaka 1999 kwamba kundi la kawaida la mbwamwitu ni familia: baba, mama na watoto wao. Hao wakubwa hawakupata ukubwa kwa vita. Walipata kwa kuzaa. Mech alifika hata kumsihi mchapishaji wake aache kukitoa tena kile kitabu cha kwanza. Basi watawa walikuwa wamejenga juu ya msingi ambao mwashi mwenyewe aliubomoa.

Nao pia walibomoa. Job Michael Evans, mmoja wa watawa waliohusika na kitabu hicho, ambaye baadaye aliondoka monasterini, alieleza hadharani majuto yake kwamba mbinu ile iliingizwa kitabuni. Toleo la pili, la mwaka 2002, liliwaambia wasomaji wasiitumie tena. Kwangu mimi hilo ni tendo kubwa kuliko sura yoyote ya kitabu. Waandishi wengi hufuta kimyakimya, wakatumaini kwamba toleo la kale litaliwa na mchwa. Hawa walisema. Hata hivyo siwezi kuwapa alama zote, kwani toleo hilo la pili bado lilibakiza kusahihisha kwa kushtua kola ya shingoni. Mlango walioufungua hawakuupita wote.

Na madhara yalikuwa yamekwisha safiri. Mwaka 2009 Meghan Herron na wenzake wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania walichapisha matokeo ya kuwauliza wenye mbwa 140 walioleta wanyama wao kliniki kwa matatizo ya tabia. Kati ya waliopata kumpindua mbwa chali, asilimia 31 walisema mbwa aliwajibu kwa ukali. Kwa waliopiga au kupiga teke, ilikuwa asilimia 43. Hao ni mbwa waliokuwa na matatizo tayari, hivyo tusizieneze hesabu hizo kwa mbwa wote duniani. Lakini zinatosha kutuonyesha kwamba nguvu mara nyingi huzaa kile kile ilichokusudia kukizima.

Sasa nije kwenye suala la bweni lenyewe, maana hapa nina shaka nyingine. Je, kuaminiana kwaweza kufundishwa mahali pamoja kukatumika pengine? Mzee mmoja wa mtaani kwetu alimpeleka mbwa wake kwa mfunzaji, akakaa huko mwezi mzima. Siku ya kumchukua, mfunzaji alimwamrisha mbwa kila namna, na mbwa akatii kama askari. Wiki iliyofuata mzee akiita, mbwa anatazama pembeni. Mzee alicheka akaniambia, "Mwanangu, nimelipa ada yote, kumbe aliyestahili kwenda shule ni mimi."

Kauli ya mzee huyu ndiyo tahakiki fupi kuliko zote za mafunzo ya bweni. Amri mbwa aweza kuibeba akarudi nayo nyumbani. Imani haibebeki hivyo, kwa kuwa imani ni ya mtu na mtu, au hapa tuseme ya mtu na mnyama wake. Anachoweza mfunzaji mwema ni kumtuliza mbwa na kumwonyesha kwamba mkono wa binadamu waweza kuwa na maana moja leo na kesho. Yaliyobaki ni kazi ya mwenye nyumba. Kwa heshima ya watawa niseme kwamba wao walilijua hili. Kitabu chao ni kama barua kwa mwenye mbwa, kumwambia afanye nini mbwa atakaporudi. Msomaji anayekichukua kama kitabu cha kumrekebisha mbwa amekishika juu chini.

Pengine wapo watakaouliza: haya yatuhusu nini sisi, ambao mbwa kwetu ni kufuli la lango, na kibao cha "Mbwa Mkali" chatosha? Nami najibu kwamba yanatuhusu, na wala si mambo ya kigeni. Katika Sura ya Al-Maida, aya ya 4, imeruhusiwa nyama ya mawindo yaliyokamatwa na mnyama aliyefunzwa. Wanachuoni wakaeleza mbwa aliyefunzwa ni yupi: akitumwa huenda, akizuiwa husimama, na akikamata humshikia bwana wake bila kula. Hata pwani, ambako mate ya mbwa ni najisi na mbwa hapiti mlangoni, palikuwa na nafasi ya mbwa aaminiwaye peke yake na nyama mdomoni. Mbwa kama huyo hapatikani kwa fimbo tupu. Aliyepigwa tu hungoja bwana ageuke kisogo, naye ale.

Hapo ndipo ulipo uzito wa kitabu hiki, na ndiyo sababu nimekisoma kwa wino mwekundu na bado nakipendekeza. Kinatuuliza tofauti kati ya kutiiwa na kuaminiwa, swali ambalo mwenye watoto, mwenye wanafunzi na mwenye wafanyakazi nao wanadaiwa jibu. Samaki mkunje angali mbichi, tumeambiwa, nasi tumekazana na kukunja tukasahau kutazama kama samaki anavunjika. Msomaji atakayekichukua achague toleo la mwaka 2002. Asome sura za kusikiliza mara mbili, na zile za kusahihisha azisome kwa tahadhari. Kisha akiweke chini, atoke uani, akae karibu na mbwa wake nusu saa bila kumwamrisha lolote, amtazame tu.