Kwa Nini Kupima Afya Bure Huleta Bili

Sheria ya bima ya afya ya Marekani ya mwaka 2010, maarufu kama Obamacare, inazitaka bima nyingi kulipia huduma za kinga bila mgonjwa kuchangia hata senti, mradi daktari awe kwenye mtandao wa bima yake. Hata hivyo, watu wengi huenda kupima afya wakijua ni bure, kisha wakaletewa bili. Mara nyingi hesabu haijakosewa. Mgonjwa alimwona daktari mara moja, lakini kwenye madai ya bima zimeandikwa huduma mbili.

Kila kazi ya daktari hupewa namba kutoka orodha ya Chama cha Madaktari cha Marekani. Uchunguzi wa kinga hufuata umri: kwa mgonjwa ambaye kliniki inamfahamu, 99395 ni ya miaka 18 hadi 39, 99396 ni ya miaka 40 hadi 64, na 99397 ni ya miaka 65 na kuendelea. Kumwona daktari kwa sababu ya ugonjwa kuna namba nyingine, 99211 hadi 99215, na hapo umri hauhusiki. Tangu 2021, daraja huamuliwa na uzito wa maamuzi ya daktari au jumla ya dakika alizotumia siku hiyo. Namba za kundi hili ndizo zinazomfikia mgonjwa mfukoni, ama kwa kiasi maalumu cha kuchangia, ama kwa kulipa mwenyewe hadi afikie kiwango ambacho bima huanza kusaidia.

Chukua mtu wa miaka 52 aliyekwenda kupima afya. Daktari amempima shinikizo la damu, amesikiliza moyo na mapafu, wamezungumzia chanjo na uchunguzi wa saratani ya utumbo mpana. Mgonjwa anataja goti la kulia linalomuuma. Daktari analikunja, analibonyeza pembeni, anauliza lilianza lini, anaagiza eksirei na kuandika dawa. Madai yanatoka na mistari miwili: 99396 pamoja na msimbo wa uchunguzi wa jumla, kisha 99213 pamoja na M25.561, yaani maumivu ya goti la kulia. Baada ya 99213 hubandikwa 25, alama inayoieleza bima kwamba siku hiyohiyo imefanyika kazi nyingine kubwa inayojitegemea. Bima inalipa mstari wa kwanza wote. Wa pili unamrudia mgonjwa.

Alama hiyo ina masharti. Tatizo dogo lisilohitaji kazi ya ziada halistahili kudaiwa peke yake, na dakika zilizotumika kwenye kinga haziwezi kuhesabiwa tena kwenye goti. Maelezo ya daktari kwenye faili lazima yaonyeshe kazi hiyo ya pili. Yasipoonyesha, mgonjwa ana hoja ya kupinga.

Maabara nayo hufuata kanuni hiyohiyo. Kipimo cha sukari cha HbA1c kwa mtu anayetafutiwa kisukari kinaweza kuwa kinga; kwa mwenye kisukari tayari ni ufuatiliaji wa ugonjwa, na malipo hubadilika ingawa kipimo ni kilekile.

Wazee walio kwenye Medicare, bima ya serikali ya Marekani kwa wazee, wawe waangalifu zaidi. Tangu 2011 Medicare hulipia ziara ya kila mwaka ya kupanga kinga: maswali kuhusu hatari za kiafya, uzito, shinikizo la damu, kumbukumbu. Uchunguzi kamili wa mwili wa kawaida, 99397, Medicare ya serikali hailipii. Anayepiga simu kliniki aitaje ziara ya kupanga kinga waziwazi, asiseme tu anataka kupimwa afya.

Ushauri wangu: kabla ya kueleza tatizo jipya, uliza kama litadaiwa peke yake na kama linaweza kusubiri miadi nyingine. Bili ikija, omba mchanganuo wenye namba, uulinganishe na yaliyofanyika, na ukiona kasoro itake kliniki itume madai yaliyosahihishwa. Lakini maumivu ya kifua, damu kwenye choo au uvimbe usiufiche kwa kuogopa bili. Kliniki nazo zina wajibu: daktari anapovuka kutoka kinga kwenda tiba, sentensi moja ya kumjulisha mgonjwa inatosha, na isemwe kabla goti halijaguswa.