Mstari wa Chaki

Foklifti ya jeshi mara nyingi haiuawi na kazi, huuawa na kulala. Hii aliyoinunua mnadani, huku Marekani, mzee mmoja wa Kigoma ninayemsaidia karakanani, mita yake ilisoma saa 900 tu. Kwa mashine yenye umri wa mtu mzima, hizo ni saa za mtoto. Rangi yake ya kijani ilikuwa imeshika vizuri, nami nikadhani tutatia betri, tutamimina petroli, basi.

Mzee hakugusa swichi kwa siku 9.

Alifungua plagi, akamimina dizeli iliyochanganywa na oili ndani ya kila silinda, akaifunika injini kwa turubai na kwenda zake. Siku ya tatu akaishika nati ya krenki kwa spana ndefu. Akasukuma nusu kidole mbele, nusu kidole nyuma, sikio ameliinamisha. “Ringi zimeshikana na silinda, mwanangu. Ukipiga stata sasa, unazivunja.” Akaongeza dizeli. Kesho yake vilevile. Sijaona kazi ngumu kuliko ile ya kutofanya kitu kwa makusudi, na sijui chuo gani huifundisha. Siku ya 7 krenki ilizunguka mzunguko mzima bila kelele. Hapo ndipo tulipogeukia tangi, ambalo petroli yake ilinuka vanishi, na kabureta, lililojaa gundi ya rangi ya asali.

Ubavuni kuna bati lenye namba ya tarakimu 13 inayoanza na 3930, fungu la magari ya ghalani katika orodha ya jeshi la Marekani. Bati hilo ni mali kuliko rangi, maana ndilo linalokupeleka kwenye vitabu vya mashine: kinachoishia na 10 ni cha dereva, 20 cha fundi wa kikosi, 34 cha karakana kubwa. Naupenda mpango huo. Mwenye kitabu cha 10 hafungui pampu.

Mimi nilijiona wa 34. Nilikwenda kununua mafuta ya kawaida ya breki, nikawa tayari kuyamimina. Mzee alinishika mkono. Akachovya kijiti kwenye kopo la breki, kikatoka na tone la zambarau. Ni silikoni. Jeshi lilihamia mafuta hayo miaka ya 1980, kwa sababu hayanywi unyevu kama haya ya kawaida, na gari la akiba hukaa bohari miaka bila kuitwa. Alitia matone ya yote mawili kwenye glasi, akayakoroga. Yalikataa kuchanganyika. Waliomimina ile zambarau walijua mashine hii itasinzia, nami nilitaka kuharibu busara yao kwa chupa moja ya dukani.

Vita Kuu ya Pili ndivyo vilivyoisambaza foklifti duniani. Wamarekani walipoondoka Australia waliacha foklifti na paleti nyingi kiasi kwamba serikali ya huko iliunda shirika zima la kuzitumia. Naamini kila moja ilipata mtu wa kuisikiliza kwa spana.

Mlingoti ulitupa kazi ya rula. Cheni zake tulizipima vipande vya milimita 300. Kipande kikifika 309 kimevutika kwa asilimia 3, na cheni hiyo haifai tena. Foki tulizipima pale kwenye kona, zinapolika kwa kuburuzwa sakafuni: ya milimita 40 ikibaki 36, hutupwa. Zetu zilipona. Sili za haidroli hazikupona. Mpira uliokaa mkavu ulikuwa umekuwa kama ganda la korosho, tukabadilisha zote, isipokuwa moja ambayo mimi niliona bado nzuri.

Jioni ya mwisho injini iliwaka kwa mshindo wa pili. Tulinyanyua bonge la chuma la nusu tani hadi usawa wa kiuno, tukazima. Mzee akapiga mstari wa chaki mlingotini, tukafunga mlango.

Asubuhi chuma kilikuwa kimeshuka chini ya mstari, upana wa kidole. Mimi ningelipita hilo kimya. Mzee aliweka kikombe cha chai chini, akanitazama, akaniambia nilete spana.