Kutoka Binti hadi Nyanya: Mwito wa Heshima kwa Mwanamke na Nafasi Yake katika Uhakiki

Utangulizi

Mtahiniwa akikutana na neno "Bi." mbele ya jina la mhusika, mara nyingi huandika kwamba mhusika huyo ameolewa. Akikutana na "mama", huandika kwamba ana mtoto. Akikutana na "bibi", huandika kwamba ni mzee, ama ni mke wa mtu, kutegemea alikozaliwa mtahiniwa mwenyewe. Majibu haya yana kasoro moja. Yanachukulia kwamba neno la heshima ni kama cheti cha kuzaliwa au cha ndoa, ambacho mwanamke hukibeba popote aendapo. Ukweli ni kwamba neno hilo hutoka kinywani mwa mtu mwingine, kwa sababu fulani na mbele ya watu fulani.

Katika makala haya nitajadili jinsi namna za kumwita mwanamke kwa heshima zinavyobadilika kadiri umri wake unavyosonga, na kwa nini mhakiki hafai kuamini kwamba umri pekee ndio unaozibadilisha. Hoja yangu ni kuwa maana kubwa katika kazi ya fasihi hupatikana pale mwito unapokosa kulingana na umri wa mhusika. Hapo ndipo mwandishi anapotuonyesha jamii inamthamini mwanamke kwa kigezo gani.

Ngazi inayotarajiwa

Tuanze na mpangilio ambao wazungumzaji wengi wa Kiswahili wanaufahamu. Msichana huitwa "binti" na watu waliomzidi umri. Akikua, wenzake na wadogo zake humwita "dada". Akiolewa, siku ya arusi yake ni "bi harusi", na baadaye hutajwa kwa jina lake likitanguliwa na "Bi.". Akijifungua, jina la mtoto humfunika: anakuwa mama Fulani. Watoto wa ndugu zake humwita shangazi, mama mdogo au mama mkubwa, na katika sehemu nyingine za Pwani humwita halati akiwa dada ya mama yao. Akipata wajukuu huitwa nyanya huku kwetu Kenya, na bibi kwa majirani zetu wa Tanzania.

Mpangilio huu haukuzuka katika Kiswahili pekee. Mwanafunzi Mjaluo anajua kwamba mwanamke aliyeolewa huweza kuitwa "nyar" pamoja na jina la mahali alikotoka, na akishazaa akaitwa "min" pamoja na jina la mtoto. Kwa hivyo anapokutana na mama Fulani katika riwaya haoni ajabu. Mwalimu anaweza kuanzia hapo: awaulize wanafunzi wake mama zao huitwaje na majirani, na ni wangapi kati yao wamewahi kusikia mama akiitwa kwa jina lake mwenyewe.

Ukilinganisha ngazi hii na ya mwanamume, utaona tofauti. Mwanamume huitwa kijana, kisha "bwana", kisha "mzee". Ingawa yeye pia huweza kuitwa baba Fulani, heshima ya "mzee" huipata kwa kuishi miaka mingi au kwa kushika madaraka. Ngazi ya mwanamke haipandwi kwa miaka pekee. Vidato vyake viwili vikuu ni ndoa na uzazi. Je, mwanamke wa miaka hamsini asiyeolewa wala kuzaa ataitwaje? Wapo watakaomwita "mama" kwa adabu, naye akahisi kwamba ameguswa pabaya. Wapo watakaomwita "dada" hadi nywele zigeuke mvi. Swali hili ni la kijamii, na wala si la msamiati tu. Mwandishi anayemuumba mhusika wa namna hiyo hulazimika kulijibu.

Maneno yasiyokwenda na umri

Historia ya fasihi yetu inatuonya tusiwe wepesi kulinganisha mwito na umri. Mwana Kupona binti Msham alitunga utenzi wake mwaka wa 1858 kwa ajili ya binti yake, Mwana Hashima. Tazama majina hayo mawili. Mama mgonjwa aliyekuwa akiusia na binti aliyekuwa akiusiwa wote wanabeba neno "Mwana". Katika upwa wa kaskazini, neno hilo liliwekwa mbele ya majina ya wanawake waungwana, wazee kwa vijana. Lilionyesha nasaba. Mtahiniwa atakayedhani kwamba "Mwana" hapa ni sawa na mtoto atakuwa amepotea mwanzoni mwa safari. Masalia ya neno hili yamo hadi leo katika majina kama Mwanaisha na Mwanakombo.

Mfano wa pili ni Siti binti Saad, mwimbaji maarufu wa taarabu wa Unguja aliyefariki mwaka wa 1950, na ambaye Shaaban Robert aliandika wasifu wake. Alizaliwa katika kijiji cha Fumba akapewa jina la Mtumwa. "Siti", neno la heshima lenye asili ya Kiarabu, alilipata baadaye kutokana na sanaa yake. Hapa mwito umebadilika katika maisha ya mtu mmoja, lakini kilichoubadilisha ni sifa. Hakupanda kidato kwa kuolewa wala kwa kuzaa. Sehemu ya pili ya jina lake inatupa funzo jingine: "binti" katika "binti Saad" ina maana ya mtoto wa kike wa Saad, na mwanamke huitwa hivyo hadi kaburini. Kwa hivyo "binti" ya nasaba haina umri. "Binti" ya mwito ndiyo yenye umri.

Neno "bibi" lahitaji tahadhari zaidi. Katika hotuba, ambayo mwanafunzi huandika katika Karatasi ya Kwanza, tunasema "mabibi na mabwana", na msichana wa kidato cha kwanza aliyeketi ukumbini anahesabika kuwa miongoni mwa mabibi hao. Katika mazungumzo ya kila siku ya Kenya bara, "bibi yangu" ni mke wangu. Mtanzania akisema "bibi yangu", wengi watamfikiria mama wa mzazi wake. Kifupisho chake, "Bi.", kimekwepa mgogoro huo. Magazeti ya Kiswahili nchini hukitumia mbele ya jina la mwanamke yeyote mzima bila kuuliza habari za ndoa yake, kama yanavyotumia "Bw." kwa mwanamume. Haya yatosha kubatilisha jibu la kwamba "Bi." ni ushahidi wa ndoa.

Vivyo hivyo, mwito unaweza kuteremka au kugeuka kwa mapenzi na utani. Mzazi aliyempa bintiye jina la mama yake humwita mtoto huyo "mama". Nyanya humwita mjukuu wake wa kiume "mume wangu", naye mjukuu akajibu "mke wangu", na kila mtu akacheka. Mtahiniwa asiyejua utani huu akipewa dondoo la aina hiyo atabuni ndoa isiyokuwapo.

Kuitwa na kutajwa

Mhakiki atenganishe pia maneno ya kumwita mwanamke na maneno ya kumtaja. "Ajuza" na "kikongwe" hutumiwa kumzungumzia mwanamke mzee. Ni nadra mtu mwenye adabu kumwita hivyo usoni mwake. Msimulizi anapotumia "ajuza" huku wahusika wakisema "nyanya", tuna sauti mbili zenye mitazamo miwili. Kadhalika, "jimama" ni ukubwa wa neno la heshima, lakini heshima yenyewe imetoka. Somo la ukubwa na udogo wa nomino linaweza kufundishwa vizuri zaidi kwa mifano kama hii kuliko kwa orodha za majito na majumba.

Mfano kutoka riwaya na tamthilia

Riwaya ya Utengano ya Said Ahmed Mohamed, iliyochapishwa mwaka wa 1980, inafaa sana kwa uchunguzi huu. Chukua majina ya wahusika wa kike uyapange. Kuna Bi. Tamima, mke wa Bwana Maksuudi, na kuna Bi. Farashuu, mwanamke mzee mwenye kisasi dhidi ya bwana huyo. Wanatofautiana kwa umri na hali ya maisha, ilhali wote ni "Bi.". Isitoshe, Tamima anapopewa talaka anapoteza nyumba na mume, lakini "Bi." yake habaki nayo Maksuudi, kwa kuwa imeshikamana na jina lake mwenyewe. Biti Kocho, mtumishi wa nyumba hiyo, ni mtu mzima, lakini anajulikana kwa "Biti", yaani binti wa Kocho. Maimuna, binti wa nyumba, hana neno lolote mbele ya jina lake. Kisha yuko Mama Jeni, mwenye danguro mjini. Neno lenye heshima kuu katika ngazi yetu ndilo linalobebwa na mwanamke anayewafanyia biashara mabinti wa wenzake.

Mtahiniwa anayeona kinaya hicho ana hoja nzito. Maimuna anaikimbia nyumba ya mama mzazi asiye na kauli mbele ya mumewe, anaangukia kwa "mama" mwenye kauli na asiye na huruma ya uzazi. Neno ni lilelile. Mhakiki akilipita kwa kuwa ni jina tu, amepita mlango wa maudhui ya malezi na ya nafasi ya mwanamke.

Katika tamthilia ya Kigogo ya Pauline Kea, Asiya, anayeuza pombe, hujulikana kama Mamapima. Ni lakabu, na wanafunzi huitambua upesi kwa kuwa imo katika silabasi ya fasihi simulizi. Hata hivyo, wachache hueleza sehemu zake mbili. "Mama" inampa nafasi ya mtu mzima katika jamii, nayo "pima" inamfunga kwa kikombe anachowapimia wateja. Aitwapo mama Fulani, mwanamke hutambuliwa kwa mtoto. Mamapima ametambuliwa kwa bidhaa.

Zoezi la dondoo

Tazama mazungumzo haya mafupi niliyoyatunga kwa ajili ya darasa. Mwanamke wa makamo yuko katika ofisi ya ardhi, na karani ni wa rika lake.

KARANI: Karibu, mama. Keti hapo.
MWANAMKE: Nimekuja kuulizia hatimiliki ya shamba langu.
KARANI: La mumeo, ama?
MWANAMKE: Langu. Jina lililoandikwa hapo ni langu.
KARANI: Sikiza, binti. Mambo ya mashamba yana wenyewe.
MWANAMKE: Niite utakavyo, lakini jina uliandike kama lilivyo.

Swali: Eleza umuhimu wa mabadiliko ya mwito katika mazungumzo haya.

Jibu dhaifu litasema kwamba karani ana heshima kwa sababu amesema "mama". Jibu la wastani litasema kwamba ana dharau kwa sababu amesema "binti". Jibu bora litaeleza mwendo. Karani anaanza kwa adabu ya kawaida anayopewa mwanamke yeyote mzima. Mwanamke anapodai mali kwa jina lake, anateremshwa ghafla kutoka "mama" hadi "binti", ingawa hakupungua hata siku moja ya umri. Kwa hiyo heshima ya kwanza ilikuwa na masharti: angeendelea kuwa "mama" iwapo angekubali kwamba shamba ni la mumewe. "Binti" hapa inamrudisha chini ya ulinzi wa mwanamume. Mwanamke naye haombi kuitwa "mama" tena. Anadai jina lake, kwa sababu hatimiliki huandikwa jina na wala haiandikwi mwito. Jibu la namna hii linagusa sifa za wahusika, uhusiano wao na maudhui ya usawa wa kijinsia kwa pamoja. Katika Karatasi ya Pili, mazungumzo haya yanaweza kutumika katika isimujamii kuonyesha jinsi uhusiano, cheo na jinsia vinavyoathiri uteuzi wa maneno.

Pengine msomaji atauliza kama "mama" yenyewe si kizuizi. Swali ni halali. Tangu Samia Suluhu Hassan aapishwe kuwa Rais wa Tanzania mwezi Machi 2021, wengi wamemwita Mama Samia, kama vile Wakenya wanavyosema Mama Ngina kwa mjane wa Mzee Kenyatta. Katika miito hiyo, "mama" imefuatwa na jina la mwanamke mwenyewe wala si la mtoto wake. Hayo ni maendeleo. Hata hivyo, "mzee" husifu umri na busara ya mtu, ilhali "mama" humdai malezi na upole. Kiongozi wa kike akiwa mkali, kuna watakaosema kwamba amesahau kuwa ni mama. Sijasikia mzee akilaumiwa kwa kusahau kuwa ni mzee.

Hitimisho

Mwalimu mwenzangu, napendekeza kazi moja ya darasani. Kwa kila kitabu teule, kila mwanafunzi amchague mhusika mmoja wa kike na achore jedwali lenye safu nne: nani anamwita, anamwitaje, wapi na mbele ya nani, na ni mwito gani mwingine ambao ungefaa umri wake. Safu ya nne ndiyo yenye uzito. Ikiwa mwito uliotumika na ule uliofaa vinalingana, mwanafunzi apite. Visipolingana, asimame hapo aandike aya moja kueleza sababu. Aya tano za namna hiyo, kutoka sehemu mbalimbali za kitabu, zitamfaa zaidi katika chumba cha mtihani kuliko kukariri kwamba mhusika ni "mwenye heshima" au "mwenye dharau" bila kujua neno gani lilimwonyesha hivyo.