Kusimba na Kusimbua: Tahakiki ya Uungaji wa Maktaba za Video katika Programu Huria za Uhuishaji kwa Mtazamo wa Mtumiaji wa Bungu, Korogwe

1.0 Utangulizi

Tarehe 31 Desemba 2012 mitambo ya televisheni ya analojia ilizimwa jijini Dar es Salaam, na mwezi mmoja baadaye ikawa zamu ya Tanga. Tangu hapo mtazamaji wa mkoa huo, awe Korogwe mjini au juu milimani katika kata ya Bungu, amelazimika kuweka kifaa kimoja kati yake na picha. Baadhi walikiita kisimbuzi. Watu wengi wakakiita king'amuzi. Kazi yake ni kupokea picha zilizobanwa kwa viwango vya MPEG-4 na kuzirudisha katika hali ya kuonekana. Kwa maneno mengine, kila nyumba yenye televisheni ilipewa nusu ya kodeki.

Nusu hiyo ndiyo msingi wa tahakiki hii. Kodeki kamili ina pande mbili: upande unaobana picha ziweze kuhifadhiwa na kusafirishwa, na upande unaozikunjua ziweze kutazamwa. Kiswahili kina jozi ya vitenzi inayoubeba uhusiano huo barabara, yaani simba na simbua, sawa na funga na fungua, ziba na zibua. Hata hivyo, katika matumizi ya kila siku ni kitenzi cha pili tu kilichozaa jina la kifaa. Msimbuaji ana chombo chake sebuleni. Msimbaji hana chombo wala jina. Si ajabu: teknolojia ilifika kama kitu cha kutazamia, na lugha ikaandika kilichofika.

Programu huria za uhuishaji zinadai kuugeuza uhusiano huo. Zinampa mtu yeyote mwenye kompyuta ya kawaida uwezo wa kuchora, kuhuisha na kutoa filamu bila kulipia leseni. Swali linaloulizwa hapa ni iwapo dai hilo linasimama pale kazi inapofika mwisho, yaani pale michoro inapotakiwa kuwa faili moja la video linaloweza kuchezwa kwenye simu ya jirani. Ili swali lisibaki hewani, limewekwa mahali: mtumiaji anayefikiriwa yuko Bungu, ana kompyuta iliyokwishatumika na mwingine, ananunua intaneti kwa bando, na hana fundi wa karibu wa kumpigia hodi.

2.0 Uzito wa picha isiyosimbwa

Umuhimu wa kodeki huonekana kwa hesabu. Fremu moja ya ukubwa wa 1920 kwa 1080, yenye baiti tatu kwa kila nukta, ina takriban megabaiti 6.2. Filamu huenda kwa fremu 24 kwa sekunde, hivyo dakika moja ina fremu 1,440 na uzito wa karibu gigabaiti 9. Filamu ya dakika tano ingefika gigabaiti 45. Dakika hiyohiyo ikisimbwa kwa H.264 kwa kasi ya megabiti 2 kwa sekunde, inakuwa na megabaiti 15. Dakika tano zinakuwa 75. Ni kweli kwamba faili za PNG hubana michoro ya rangi bapa kwa kiasi kikubwa, na wahuishaji wengi huhifadhi kazi yao kwa namna hiyo kwanza. Lakini folda yenye picha elfu saba haichezwi na simu, wala kituo cha televisheni hakiipokei kama kipindi. Ubongo Kids, katuni ya Kitanzania iliyoanza kuonyeshwa TBC1 Januari 2014, iliwafikia watoto kwa sababu mwishoni mwa mnyororo wake palikuwa na faili lililosimbwa ipasavyo.

Kwa hiyo hatua ya kusimba si nyongeza ya kiufundi inayoweza kuachiwa wataalamu. Kabla ya hatua hiyo mhuishaji ana michoro; baada yake ana filamu.

3.0 Njia tatu za kuunga maktaba

Karibu programu zote huria za uhuishaji huitegemea kazi moja: FFmpeg, iliyoanzishwa na Fabrice Bellard mwaka 2000. Hakuna programu ya uhuishaji yenye sababu ya kuandika upya kanuni za kubana picha ilhali zipo tayari katika maktaba hiyo. Tofauti inakuja katika namna ya kuiunga, na ni hapa ambapo uamuzi unaoonekana mdogo kwa mwandishi wa programu unakuwa mkubwa kwa mtumiaji.

Njia ya kwanza ni kuimeza maktaba. Blender, iliyokombolewa mwaka 2002 kwa mchango wa umma wa euro 100,000, hutolewa katika tovuti yake rasmi ikiwa imebeba FFmpeg ndani yake. Anayepakua Blender hupakua pia usimbaji. Kwa mtumiaji wa Bungu njia hii ina gharama moja ya wazi, nayo ni uzito: faili la kupakua lina mamia ya megabaiti, na hiyo ni sehemu kubwa ya bando. Lakini gharama hiyo hulipwa mara moja. Mtu aliyepakua akiwa Korogwe anaweza kuibeba kwenye flashi, akapanda nayo mlimani, akaisakinisha bila intaneti, na filamu ikatoka. Wakosoaji wa njia hii husema, na wana haki, kwamba maktaba iliyomezwa huzeeka pamoja na aliyeimeza: kasoro ya usalama ikirekebishwa katika FFmpeg, mtumiaji haipati nafuu hiyo mpaka Blender nzima itolewe upya.

Njia ya pili ni kuiacha maktaba katika mfumo endeshi, programu ikaiazima kila inapoanza. Wasambazaji wa Linux kama Debian hupendelea njia hii kwa sababu nakala moja hutumikia programu nyingi na hurekebishwa mahali pamoja. Ila maktaba hii haikai ilivyo. Sehemu yake kuu, libavcodec, ilikuwa na namba 58 katika FFmpeg 4 ya mwaka 2018, ikawa 59 katika toleo la 5 la Januari 2022, 60 mwaka 2023, na 61 mwaka 2024. Programu iliyoungwa na namba 58 haiikubali 59. Huitafuta yake, ikiikosa haiwaki. Toleo la 5 liliondoa pia kazi za zamani za kusimbua ambazo zilikuwa zimetangazwa kupitwa na wakati tangu 2016, na programu ambazo hazikuwa zimebadilisha msimbo wake hazikuweza kujengwa tena bila marekebisho. Wasanifu wa FFmpeg walitoa notisi ya miaka, hivyo lawama haiwaangukii wao moja kwa moja. Notisi hiyo, hata hivyo, ilisomwa na waandishi wa programu. Mtumiaji wa Bungu anayeazima kifurushi cha programu kutoka kompyuta moja na kukipeleka kwenye nyingine hakuwa miongoni mwa walioarifiwa.

Njia ya tatu ni kutoiunga kabisa, bali kuiita FFmpeg kama programu jirani: mhuishaji anapobonyeza kutoa filamu, programu yake humpa FFmpeg fremu na kusubiri faili. Pencil2D na OpenToonz hufanya hivyo, na Synfig nayo ina tawi la namna hiyo linalomimina fremu kupitia bomba. Kwa upande wa sheria njia hii ni ya busara. OpenToonz, iliyofunguliwa na Dwango mwaka 2016 kutokana na programu ya Toonz iliyotumiwa na Studio Ghibli, ina leseni ya BSD. FFmpeg ina LGPL, ila ikijengwa pamoja na x264, kisimbaji maarufu cha H.264, inakuwa chini ya GPL. Kuziweka mbalimbali kunaziepusha leseni hizo kugongana. Kwa upande wa namba za matoleo pia kuna nafuu, maana amri za FFmpeg hubadilika polepole kuliko ndani yake.

Kasoro ya njia hii ni kimya. OpenToonz isipoipata FFmpeg mahali palipotajwa katika mipangilio, aina za faili zinazoitegemea hazionekani kwenye orodha. Hakuna kosa linaloripotiwa, kwa sababu kwa mtazamo wa programu hakuna kosa lililotokea. Mhuishaji aliyefanya kazi wiki kadhaa anafungua orodha ya kutolea filamu na kukuta kitu anachokihitaji hakipo, wala hapajaandikwa kwamba kingeweza kuwapo. Atadhani programu haina uwezo huo, au kwamba yeye hajui. Katika uhakiki wa fasihi kimya cha msimulizi huhesabiwa kuwa sehemu ya usimulizi. Hapa pia kihesabiwe hivyo. Ujumbe mbaya wa kosa ni afadhali, kwa kuwa unaweza kunakiliwa na kupelekwa kwa mtu mwingine.

Wanaoitetea njia ya tatu husema kwamba kusakinisha FFmpeg ni jambo la dakika tano. Kauli hiyo ni kweli mahali penye intaneti isiyopimwa na penye mtu anayejua jina la kitu kinachokosekana. Inastahili kuangaliwa kwa mashaka kila inapotolewa bila kutaja mahali.

4.0 Hataza na usafi wa leseni

Sababu ya kina ya utengano huu si uvivu wa wasanifu. H.264, iliyochapishwa mwaka 2003, imefunikwa na hataza nyingi zilizokusanywa katika bwawa moja la leseni lililosimamiwa na MPEG LA. Masharti yake yaliwasamehe wanaosambaza nakala zisizozidi 100,000 kwa mwaka, na mwaka 2010 bwawa hilo likatangaza kutotoza ada video za intaneti zinazotazamwa bure. Anayebanwa zaidi ni msambazaji mkubwa wa programu, si mhuishaji. Lakini woga wa msambazaji hushuka hadi kwa mhuishaji: Fedora, kwa mfano, hutoa FFmpeg iliyopunguzwa na kumwachia mtumiaji aitafute iliyo kamili katika hazina nyingine.

Jibu la kiitikadi limekuwa kumshauri mtumiaji aachane na H.264 na kusimba kwa miundo isiyo na ada: Theora hapo zamani, VP8 baada ya Google kuifungua mwaka 2010, na sasa AV1 ya mwaka 2018. Ushauri huo una heshima yake, na kwa hifadhi ya muda mrefu una mantiki. Kwa mhuishaji wa Bungu unageuza kipaumbele. Watazamaji wake wana simu za bei nafuu ambazo saketi zake husimbua H.264 bila kuchoka. AV1 huhitaji simu mpya zaidi au kuimaliza betri, na kuisimba kwenye kompyuta kuukuu huchukua saa nyingi. Theora haitambuliwi kabisa na vifaa vingi kati ya hivyo. Filamu iliyo huru kwa leseni lakini isiyofunguka kwa jirani imekuwa huru kwa mtu mmoja tu, naye hakai Bungu.

5.0 Tabaka ambalo tafsiri haikulifikia

Uhusiano wa Kiswahili na programu huria una historia inayopaswa kuheshimiwa. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, na kwa mara ya kwanza mtumishi wa ofisi aliweza kusoma menyu nzima kwa Kiswahili. Mradi ule ulithibitisha kwamba lugha inatosha. Ila mfano uliouacha, yaani tafsiri kama kazi ya menyu, haufiki mbali katika uhuishaji. Menyu ni ngozi. Mhuishaji anapokwama hukwama chini yake, katika maktaba, na FFmpeg haina utaratibu wa kutafsiri ujumbe wake. Husema Kiingereza kwa kila mtu, tena Kiingereza cha waandishi wa msimbo. Menyu ya Kiswahili juu ya kosa la Kiingereza humfikisha mtumiaji mlangoni na kumwacha hapo.

Kazi inayoweza kufanywa haihitaji kutafsiri FFmpeg nzima. Programu inayoiita ndiyo inayojua kwamba jirani yake hayupo, na ndiyo yenye faili la tafsiri. Krita ilionyesha njia ya upande mmoja: kwa miaka mtumiaji wake alitakiwa kuitafuta FFmpeg na kuonyesha ilipo, mpaka toleo la 5.2 la mwaka 2023 lilipoanza kuibeba ndani ya vifurushi vyake rasmi. Kwa zile zisizotaka kubeba, sentensi moja ingetosha kuvunja kile kimya: iache aina ya faili ionekane kwenye orodha, na inapobonyezwa iseme kwamba kisimbaji cha video hakijapatikana katika kompyuta hii, kitaje jina lake na uzito wake kwa megabaiti. Neno kisimbaji lingeonekana geni kwa siku chache. Aliyezoea kisimbuzi hatahitaji kuelezwa maana yake.