Kwa Nini Walijiita Jazz

Mwalimu mmoja kijana, msomi wa muziki, alipata kunieleza kwamba bendi zetu za Tanga hazikustahili jina la "jazz" hata kidogo. Jazz, alisema, ni ya Wamarekani weusi; Atomic Jazz na Jamhuri Jazz walipiga rumba ya Kuba, wakajipachika jina la fahari. Hoja hiyo ina ukweli wake. Dar es Salaam Jazz ilipoanzishwa mwaka 1932, neno hilo huku kwetu lilimaanisha bendi ya dansi ya kisasa, basi. Na walimu wa vijana wetu walikuwa zaidi zile santuri za GV zilizoleta nyimbo za Kuba kuanzia miaka ya 1930. Lakini jina nisingependa kulipima kwa asili yake peke yake. Tuipime kazi.

Jamhuri Jazz hapo kwanza iliitwa Young Nyamwezi, jina linalotukumbusha watu waliotoka bara kuja kukata mkonge katika mashamba ya Tanga. Bendi za namna hii zilikuwa na watu wachache: magitaa ya solo, rizimu na besi, ngoma, waimbaji, na saksafoni ilipokuwapo. Msomaji akipata nafasi, asikilize gitaa la rizimu. Halijionyeshi. Huko Marekani, Freddie Green aliingia katika bendi ya Count Basie mwaka 1937, akashika gitaa lake humo karibu miaka hamsini, na solo zake ni za kuhesabika. Kazi yake ilikuwa kuwashika wenzake wasikimbie. Mpiga rizimu wa Tanga alifanya kazi hiyo hiyo kwa mapigo mengine. Kwa hili tu, nathubutu kusema, jina halikuwa la wizi.

Jambo la pili ni kubwa zaidi, nalo ni adabu mbele ya neno. Katika nyimbo zao zilizo bora, mwimbaji hukamilisha mstari wake ndipo solo likajibu. Hapigiwi juu ya kichwa. Adabu hii naamini waliipata jirani, katika taarabu, ambako msikilizaji huja kwa ajili ya maneno na hukasirika yakimpotea. Husemwa sana, na kwa haki, kwamba Black Star Musical Club ya hapa Tanga iliyaingiza magitaa ya umeme katika taarabu, na sauti ya Shakila ikaenea pamoja nayo pwani nzima. Hilo ni deni la taarabu kwa dansi. Deni la dansi kwa taarabu halitajwi.

Sisemi kila wimbo ulikuwa mzuri, la hasha. Kiswahili hukaza silabi ya pili kutoka mwisho. Mtunzi alipochukua sauti ya santuri ya kigeni na kulazimisha maneno yaifuate, mkazo uliangukia silabi ya mwisho na neno likavunjika shingo. Nyimbo za kuhimiza siasa ziliumia zaidi, kwa kuwa zilibebeshwa maneno marefu ya ofisini ambayo hata mkutanoni yanachosha. "Tanzania Yetu" ya Atomic iliokoka kwa sababu maneno yake ni mepesi, ya mtu anayesifu nyumba yake mbele ya mgeni. Haikuwa risala.

Wilson na George Peter Kinyonga walipitia Jamhuri Jazz kabla ya kwenda Arusha na hatimaye Nairobi, mwanzoni mwa miaka ya 1970, wakaunda Simba Wanyika. Mwaka 1978 baadhi ya wenzao walijitenga, ikazaliwa Les Wanyika. Waandishi wengi wa nje huuweka muziki huo wote katika hesabu ya Kenya. Sina ugomvi na Nairobi: studio zilikuwa huko, na wanunuzi pia. George alifariki mwaka 1992 na Wilson mwaka 1995, hivyo hawawezi tena kuulizwa.

Nilipokuwa chuoni nilikuwa na mchezo mmoja na wanachuo. Nilipiga wimbo wa Jamhuri, kisha wa Simba Wanyika, bila kutaja majina, nikauliza upi ni wa Kenya. Walibishana mpaka kengele ikalia.