Wazamiaji wa Antigua, na wa kwetu

Kwa Kiswahili cha mtaani, mzamiaji si lazima awe na mitungi ya hewa mgongoni. Ni mtu anayeingia asikoalikwa. Kazamia meli, kazamia harusi, anakula pilau na hakuna upande unaomjua. Neno hilo ndo lilinikaa kichwani nilipomaliza A Small Place, kitabu chembamba cha Jamaica Kincaid cha mwaka 1988 kuhusu Antigua, kisiwa kidogo cha Karibi alikozaliwa.

Makala za likizo ya kupiga mbizi mnazijua. Maji yanaelezwa mpaka unayasikia: unaona mita ngapi mbele, kasa kapita wapi, matumbawe yana rangi gani. Watu je? Nahodha wa boti katabasamu, basi. Hana jina, wala hana ada ya mtoto inayomnyima usingizi. Kincaid anaichukua bahari hiyohiyo na kuirudisha kwa wenyewe. Anamwambia mtalii kwamba kisiwa hakina mfumo wa maana wa majitaka, kwa hiyo alichokiacha chooni asubuhi huenda kikamgusa mguu akiingia baharini mchana. Halafu, bila kupandisha sauti, anamkumbusha Waafrika waliomezwa na bahari hiyo enzi za utumwa. Hapo nilikifunga kitabu kwanza. Ukishapita ukurasa ule, sifa za maji maangavu zinakukwama kooni.

Nakisoma nikiwa Mugumu, wilayani Serengeti, mbali na bahari yoyote, lakini mchezo wenyewe tunaujua. Magari ya watalii yanapita kwenda geti la Ikoma, na baadhi ya abiria wake wakimaliza mbuga wanaruka Zanzibar kupiga mbizi Mnemba. Simba kwanza, samaki baadaye. Filamu mbili zilizoifundisha dunia kutazama namna hii zilifuatana kwa miaka michache tu: Le Monde du silence ya Jacques Cousteau na Louis Malle, 1956, na Serengeti darf nicht sterben ya Bernhard Grzimek na mwanawe Michael, 1959. Zote zilipata Oscar. Katika ile ya kwanza kina Cousteau wanalipua tumbawe kwa baruti ili wahesabu samaki, jambo ambalo mvuvi wa Mtwara akilifanya anaswekwa ndani. Mwaka ilipotoka ile ya pili, sheria iliwaondoa Wamaasai ndani ya hifadhi. Waikoma, wawindaji toka enzi za mababu, wakaanza kuitwa majangili.

Silaha kubwa ya Kincaid ni kumsemesha msomaji moja kwa moja: mtalii ndiye anayeambiwa, tangu anashuka kwenye ndege. Kiingereza kina neno moja kwa mtu mmoja na kwa kundi zima, ila sisi mfasiri wetu itabidi achague. Akiandika "ninyi", msomaji atajificha kwenye kundi. Mimi ningeandika "wewe", kavu hivyohivyo, kama mama anayemkaripia mtoto mbele za watu. Na hapo tujiandae, maana huyo wewe si lazima awe Mzungu. Anaweza kuwa mwalimu wa Tarime aliyeenda fungate Nungwi na kurudi na picha 200 za kasa, bila hata moja ya mwenye boti.

Kinachonikera ni namna anavyowasemea Waantigua. Aliondoka akiwa bado kijana, na sehemu kubwa ya kitabu anawahukumu jumlajumla, kana kwamba ni watoto wasiojua saa. Sauti zao hazisikiki vya kutosha. Ndiyo maana napenda zaidi kurasa za maktaba iliyoharibiwa na tetemeko la ardhi la 1974, ambayo kibao chake kiliahidi matengenezo na miaka ikapita tu. Hapo haongei kwa jumla. Ni jengo analolijua, na vitabu alivyokuwa akiviiba humo utotoni kwa kuvipenda mno.

Kina kurasa 80 hivi. Usiku mmoja unakimaliza, umeme ukikubali.