Uhamiaji Haramu au Mhamiaji Haramu? Tahakiki ya Istilahi Moja na Ujira wa Kibarua

Makala haya yanakusudia kuhakiki istilahi moja iliyokwisha kuzoeleka katika magazeti na hotuba zetu: mhamiaji haramu. Hoja yangu ni kwamba istilahi hii haielezi tu hali ya mtu, bali inashiriki katika kupanga bei ya kazi yake. Ushahidi wa kwanza ni wa sarufi, wa pili ni wa historia, na wa tatu nimeushuhudia langoni mwa kiwanda, jirani na Mukuru kwa Reuben, Nairobi.

Tuanze na sarufi. Neno haramu limetoka katika Kiarabu, na katika sheria ya Kiislamu hukumu yake huangukia tendo au kitu: wizi ni haramu, riba ni haramu. Kiswahili kimelipokea kwa desturi hiyo hiyo, ndiyo maana twasema biashara haramu na pombe haramu. Linapomwangukia binadamu, latupeleka kwenye tusi tulijualo sote, mwanaharamu, ambalo humhukumu mtu kwa kuzaliwa kwake wala si kwa alilotenda. Uhamiaji haramu, basi, ni istilahi inayoweza kutetewa, kwa kuwa inataja tendo. Ukiondoa kiambishi u- ukaweka m-, umeihamisha hukumu kutoka kwenye tendo hadi kwenye nafsi.

Tena hukumu hiyo ina upendeleo. Anayeendesha gari bila leseni hatumwiti dereva haramu. Sheria ya Uraia na Uhamiaji ya Kenya ya mwaka 2011 inamtia hatiani pia anayemwajiri mgeni asiye na kibali, lakini mimi sijapata kusoma gazetini habari za mwajiri haramu. Kosa ni la wawili. Jina amepewa mmoja, naye ni yule mnyonge. Wala hili si geni. Mzungu aliyekuja kutwaa ardhi ya nyanda za juu hakumwomba mwenyeji kibali, lakini tulimwita mlowezi, yaani aliyelowea: aliyekuja, akakaa, akazoea.

Historia yatufundisha zaidi. Katika msamiati wetu wa kazi, karatasi ilitangulia. Kibarua ni barua ndogo: cheti alichopewa mtu wa kazi ya kutwa, hata jina la cheti likawa jina la mtu mwenyewe. Kisha kikaja kipande. Sheria yake ilitungwa mwaka 1915, ikaanza kutekelezwa baada ya Vita Vikuu vya Kwanza, na mwanamume Mwafrika nchini Kenya akalazimika kukivaa shingoni ndani ya kikasha cha chuma. Kiliandikwa waajiri wake na mishahara yake. Mwajiri mpya alisoma mshahara wa zamani, na aliyeondoka kazini bila kutiliwa saini alihesabiwa kuwa mhalifu. Ndiyo kusema mwenyeji aligeuzwa mtu wa mashaka katika nchi yake kwa kukosa karatasi, na hofu hiyo ikamfanya awe rahisi kununuliwa.

Hapo ndipo Mukuru inapoingia. Mtaa huu wa mabanda ya mabati umepakana na Eneo la Viwanda, na kabla ya jua kuchomoza wakazi wake husimama malangoni wakitafuta kibarua. Wengi ni Wakenya waliotoka mashambani. Wachache wametoka ng'ambo ya mpaka. Nimesimama nao mara kadhaa nikikusanya msamiati wa kazi. Siku moja nyapara alihitaji watu sita, akauliza vitambulisho. Wawili hawakuwa navyo. Hakuwafukuza, aliwaajiri wao kwanza, kwa ujira pungufu, kisha akawageukia wenye vitambulisho akasema, "Bei ni hiyo hiyo. Asiyetaka aende."

Mzee mmoja aliyebaki nje aliniambia, "Mwalimu, hawa ndio wanaotuharibia."

Nikamwuliza, "Kama wangeweza kumshtaki nyapara, wangekubali bei ile?"

Alinyamaza kidogo. "Hata mimi, mwenye kitambulisho, sijawahi kumshtaki."

Malalamiko ya mzee huyu si ya kupuuzwa, kwani ujira wake ulishuka kweli asubuhi ile. Lakini ulishushwa na nini? Si wingi wa mikono tu, bali kuwapo kwa mikono isiyo na mdomo. Ibara ya 41 ya Katiba ya mwaka 2010 yampa "kila mtu" haki ya kutendewa kwa uadilifu kazini. Haikusema kila raia. Haki hiyo haifiki langoni ikiwa mwenye kuidai aitwa haramu kabla hajafungua kinywa. Na ikimponyoka yeye, humponyoka pia aliyesimama nyuma yake.

Wenzangu watasema kwamba kubadili neno hakuongezi hata senti moja. Ni kweli. Nilipokuwa nikisomea shahada ya uzamili ng'ambo, nilisafisha ofisi usiku pamoja na mtu asiye na karatasi. Vumbi lilikuwa moja, ujira mbalimbali, na jina zuri lisingemlipa. Wala sidai kwamba dola haina haki ya kulinda mipaka yake. Nadai kwamba jina baya lilimrahisishia msimamizi wetu kazi, na kwamba mwanaisimu hana budi kulikataa. Umoja wa Mataifa uliliona jambo hili tarehe 9 Desemba 1975, ulipoazimia kwamba hati zake zitumie istilahi ya wafanyakazi wahamiaji wasio na hati. Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 2010, inazungumzia uhuru wa wafanyakazi kuvuka mipaka, lakini orodha zake zimemkumbuka mtaalamu kuliko kibarua.

Napendekeza, basi, tuseme mhamiaji asiye na kibali. Istilahi hii yataja kilichokosekana, na kilichokosekana chaweza kutafutwa. Uharamu wa nafsi hautafutiwi dawa. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Hawakumwacha mgeni ale bure, wala hawakumpa jembe bovu ili wenyeji wapunguziwe chakula. Pale langoni jembe limekwisha kutolewa. Kilichobaki ni kukubali kwamba aliyelishika ni mfanyakazi.